Kuhamia kompyuta mpya bila kuacha faili nyuma

Swali la msomaji: Nimenunua kompyuta mpya yenye Windows 11. Ya zamani ni laptopu ya Windows 10, bado inawaka ila imechoka. Ndani yake mna kama GB 300: picha za familia, nyaraka za kazi, na barua pepe za miaka mingi ninazosoma kwa programu ya Thunderbird. Nilijaribu kuziunganisha kompyuta zote mbili kwa waya wa USB, hakuna kilichoonekana upande wowote. Mdogo wangu ananiambia niifungue ya zamani nitoe diski. Njia ipi ni salama, na nitajuaje kwamba sijaacha kitu? Nikishamaliza nataka nimpe yeye hiyo ya zamani.

Jibu: Ndugu yangu, kwanza chomoa huo waya. Waya wa USB wenye kichwa kilekile kipana pande zote mbili haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Kwenye USB, kompyuta ndiyo inayoamuru na kifaa ndicho kinachotii. Ukiunganisha kompyuta mbili, zote zinangoja kuamuru na hakuna ya kutii. Isitoshe, kila moja inatoa umeme wa volti 5 kuelekea mwenzake, na hapo unaweza kuunguza tundu. Zipo kebo maalumu za kuhamishia data zenye kifaa kidogo cha kielektroniki katikati, nazo hufanya kazi, lakini sioni sababu ya kununua kitu utakachotumia mara moja tu.

Diski nayo iache ilipo. Ushauri wa mdogo wako una mahali pake, nami nitaugusa baadaye, ila huo ni wa kompyuta iliyogoma kuwaka. Yako inawaka. Maadamu inawaka, tafuta diski ya nje ya USB, nakili kila kitu humo, kisha toka humo uingize kwenye kompyuta mpya.

Naipendelea njia hii kuliko zote, hata zile zenye kasi zaidi, kwa sababu ukimaliza, data yako itakuwa mahali patatu: kompyuta ya zamani, diski ya nje na kompyuta mpya. Njia nyingine zinakuachia nakala mbili, na moja kati ya hizo mbili unapanga kuifuta na kuigawa. Diski ya nje itabaki kabatini kama nakala ya akiba, jambo ambalo watu wengi wa nyumbani hawana kabisa mpaka siku diski inapokufa.

Nunua diski yenye nafasi zaidi ya unayohitaji; kwa GB 300 zako, ya TB 1 inatosha sana. Kuwa mwangalifu na flashi za bei ya kutupa zinazodai kubeba data nyingi ajabu. Nyingi ni za kughushi: zimerekebishwa ziitangazie kompyuta ukubwa ambao hazina. Unanakili, hakuna kosa linaloonekana, majina ya faili yote yapo, lakini ukizifungua zile zilizoingia mwishoni unakuta zimeharibika, kwa kuwa hazikuwa na mahali pa kukaa. Kama una shaka na chombo chochote cha kuhifadhia, programu ya bure iitwayo H2testw hukijaza data na kuisoma tena, na hapo ukweli hujulikana. Ifanye hiyo kazi chombo kikiwa bado kitupu.

Angalia pia diski imepangwa kwa mfumo gani. Bofya kulia juu yake, chagua Properties, usome mstari wa File system. Ukikuta FAT32, ujue haipokei faili moja inayofika GB 4, hata kama ina nafasi tele. Hili litakuhusu wewe hasa, kwa sababu Thunderbird kwa kawaida huweka folda nzima ya barua ndani ya faili moja, na kisanduku cha miaka mingi kilichojaa viambatisho huvuka kiasi hicho bila shida. Kwa kuwa kompyuta zako zote mbili ni za Windows, ipange upya kwa NTFS kabla hujaweka chochote. Ingekuwa moja ni Mac, ningekwambia exFAT, kwa kuwa Mac yenyewe husoma NTFS lakini haiandiki humo.

Kuhusu muda: kwenye tundu la USB 2.0, kasi halisi ni kama megabaiti 30 hivi kwa sekunde, kwa hiyo GB 300 zitachukua karibu saa tatu. Kwenye USB 3.0, ambayo mara nyingi tundu lake lina rangi ya buluu ndani, diski ya kawaida inayozunguka huweza kufikia megabaiti 100 kwa sekunde, na kazi hiyohiyo ikaisha ndani ya saa moja. Hesabu hizi ni za faili kubwa. Maelfu ya picha ndogo na hati fupi huchelewesha, kwani kila faili ina shughuli yake ya kufunguliwa, kuandikwa na kufungwa. Ukiona kasi imeshuka ghafla usikatize kazi. Kabla ya kuanza, chomeka chaja na uzime usingizi wa kompyuta kwenye mipangilio ya umeme.

Kupitisha vyote mtandaoni sikushauri. Ukiwa na kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde, GB 300 zitakuchukua zaidi ya siku tano mfululizo, usiku na mchana. Akaunti ya bure ya OneDrive nayo ina GB 5 tu, ya Google GB 15.

Sasa tuingie kwenye swali lako zito, la kujua kama umeacha kitu. Kunakili ni kazi ya mashine. Kazi ya mtu ni kujua vitu vyake viko wapi, na hapo ndipo watu wanapopotezea data. Wengi hubeba folda ya Documents na ya Pictures, wakaridhika. Wiki mbili baadaye wanagundua kwamba mambo yao ya maana yalikuwa Desktop, au Downloads, au kwenye diski D waliyoisahau, au kwenye akaunti nyingine ya mtumiaji ndani ya kompyuta hiyohiyo. Programu za uhasibu, za duka na nyingine za zamani zina tabia ya kuweka kumbukumbu zake zenyewe moja kwa moja kwenye C:\ au ndani ya ProgramData, ambayo imefichwa. Kama unatumia programu ya aina hiyo, ifungue utafute amri yake ya kuhifadhi nakala, uitumie hiyo, usibahatishe.

Njia nzuri ya kuona picha nzima ni WinDirStat, programu ya bure inayokuchorea diski yote na kukuonyesha folda ipi inakula nafasi kiasi gani. Iache ipekue, kisha pitia folda kubwa moja baada ya nyingine ukijiuliza hiki ni changu au cha Windows. Baada ya hapo nenda kwenye File Explorer, simama kwenye C:, utafute *.docx, kisha *.xlsx, kisha *.jpg, kisha *.pdf. Utashangaa vitakavyoibuka.

Jambo la pili lina hila, na kwenye Windows 10 limewakuta wengi. Ikiwa OneDrive imewashwa, huenda Desktop, Documents na Pictures zako zilishahamishiwa ndani ya folda ya OneDrive, na baadhi ya faili unazoziona hazipo kwenye diski. Kilichopo ni jina na alama ndogo ya wingu. Faili yenyewe iko kwenye seva. Jaribu hivi: bofya kulia juu ya picha moja yenye hiyo alama ya wingu, fungua Properties, ulinganishe mistari miwili. Size itakwambia labda MB 4.2. Size on disk itakwambia 0 bytes. Sifuri hiyo ina maana kwamba ukitoa diski na kuisomea kwenye kompyuta nyingine, picha hiyo haipo. Dawa yake: ukiwa na intaneti, bofya kulia juu ya folda nzima ya OneDrive, chagua Always keep on this device, usubiri mpaka mawingu yote yawe alama za vema za kijani. Hapo ndipo unakili. Kama diski ya zamani haina nafasi ya kuzishusha zote, basi zile za OneDrive ziache. Utazishusha kwenye kompyuta mpya kwa akaunti hiyohiyo.

Kwa kunakili kwenyewe unaweza kuburuta folda kwa kipanya, na kwa GB chache sina neno. Kwa GB 300 tumia robocopy, amri ya kunakili ambayo tayari imo ndani ya Windows. Fungua Command Prompt, uandike mstari huu, ukibadilisha jina la mtumiaji na herufi ya diski:

robocopy "C:\Users\JinaLako" "E:\Zamani" /E /XJ /XD AppData /R:1 /W:1 /LOG:"E:\ripoti.txt"

Usiogope hizo herufi. /E inabeba folda zote za ndani, hata zilizo tupu. /XJ inaruka njia za mkato za mfumo ambazo zingeweza kuifanya izunguke palepale. /XD AppData inaacha folda ya mipangilio ya programu, ambayo tutaishughulikia peke yake. /R:1 na /W:1 ni muhimu kuliko zinavyoonekana: usipoziweka, robocopy ikikuta faili isiyosomeka hujaribu tena mara milioni moja, ikipumzika sekunde 30 kila mara, na wewe utadhani kompyuta imeganda. Usiongeze /MIR hata ukiiona imependekezwa mahali. Hiyo hufuta upande wa pili chochote kisichokuwepo upande wa kwanza.

Uzuri wake mwingine ni kwamba umeme ukikatika unarudia amri ileile, nayo inaziruka faili ambazo zilishakamilika. Inamudu njia ndefu za faili (mfuatano wa majina ya folda hadi kwenye faili) zinazozidi herufi 260, ambazo huisumbua File Explorer. Inatunza pia tarehe ya faili kuundwa, ilhali ukiburuta kwa kipanya tarehe hiyo hugeuka kuwa ya leo.

Kazi ikiisha fungua ripoti.txt ushuke hadi chini kabisa. Kuna jedwali dogo lenye mistari ya Dirs, Files na Bytes, na safu inayoitwa FAILED. Hiyo ndiyo ya kutazama. Utakuta namba ndogo hapo, kwa sababu faili kama NTUSER.DAT zinashikiliwa na Windows na hazinakiliki. Hizo si zako, ziache. Lakini pandisha macho kwenye ripoti, utafute neno ERROR, usome majina yote. Ukiona picha au hati kati yake, rudia hiyo moja kwa mkono.

Diski D na folda nyingine ulizozigundua, zipitishe kwa amri hiyohiyo, kila moja na folda yake ndani ya diski ya nje. Na kila unapotumia kipanya, chagua kunakili, kamwe usikate. Ukikata halafu waya ukachomoka katikati ya safari, unabaki na vitu nusu huku na nusu kule.

Thunderbird sasa. Kama akaunti yako ni ya IMAP, barua ziko kwenye seva na zitashuka zenyewe ukiingia upya. Kama ni ya POP, ambayo hushusha barua kwenye kompyuta, au kama ulikuwa ukizihamishia kwenye Local Folders (folda za ndani ya kompyuta) ili kupunguza mzigo, basi nakala pekee duniani iko kwenye hiyo laptopu iliyochoka. Kwa vyovyote vile beba zote. Ifunge Thunderbird kabisa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA%, ubonyeze Enter. Ndani utaona folda iitwayo Thunderbird. Inakili yote nzima kwenye diski ya nje. Kwenye kompyuta mpya, sakinisha Thunderbird, ifungue mara moja bila kuweka akaunti, uifunge. Nenda mahali palepale kwa %APPDATA%, ibadilishe jina folda ya Thunderbird iliyopo, uweke ile ya zamani badala yake. Ukiifungua tena, akaunti, barua, anwani na manenosiri vitakuwa vimerudi kama vilivyokuwa. Ikifunguka ikiwa tupu, iwashe kwa amri thunderbird.exe -P, kitakuja kisanduku cha kuchagua profaili (folda yenye barua na mipangilio yako), uchague ya zamani. Sharti ni moja: toleo la kompyuta mpya lisiwe la nyuma kuliko la zamani, kwa sababu litakataa kufungua profaili hiyo.

Thunderbird ina pia amri yake ya kuhamisha kila kitu kwenye faili moja ya zip, lakini ina kikomo cha GB 2, na kwa barua za miaka mingi naona hutafika nayo.

Firefox inafanana, folda yake imo ndani ya Mozilla hapohapo. Chrome na Edge hazifanani. Manenosiri yake yamefungwa kwa ufunguo unaotokana na akaunti yako ya Windows kwenye kompyuta ile ya zamani, kwa hiyo kunakili folda hakutayaleta. Ama uwashe usawazishaji wa akaunti, ama utoe manenosiri kwenye faili ya CSV na kuyaingiza upande wa pili. Faili hiyo ni maandishi matupu, yeyote atakayeifungua atasoma kila nenosiri ulilonalo. Ukishaiingiza, ifute siku hiyohiyo kwenye kompyuta zote mbili na kwenye diski ya nje, na umwage pipa la taka.

Programu zenyewe hazinakiliki. Word, ya kuhariri picha, dereva za printa, zote zinasakinishwa upya. Zile zenye leseni ya kompyuta moja, ingia kwenye ya zamani uzitoe leseni kabla hujaifuta. Miongozo mingi ya zamani inataja Windows Easy Transfer kama mkombozi. Microsoft iliiondoa tangu Windows 10, usipoteze muda kuitafuta.

Kwenye kompyuta mpya, ingiza folda nzima ya Zamani kama ilivyo. Najua kishawishi cha kupanga upya ni kikubwa: kufuta picha zilizojirudia, kuunganisha folda, kubadilisha majina. Usipange chochote wakati wa kuhama. Ukianza kupanga, hesabu za pande mbili hazitalingana tena na huna namna ya kujua kilichopotea ni kipi. Kwanza vifike vyote. Kisha bofya kulia folda moja moja pande zote mbili, linganisha idadi ya faili na Size, si Size on disk, kwani hiyo ya pili hubadilika kulingana na diski ilivyopangwa. Baada ya hapo fungua faili zenyewe. Usiridhike na vipicha vidogo vinavyoonekana ndani ya folda, maana picha iliyoharibika nusu inaweza bado kuonyesha kipicha kizima. Fungua video kubwa kuliko zote uisogeze hadi mwisho wake. Fungua picha ya zamani kuliko zote. Fungua barua pepe ya mwaka wa kwanza yenye kiambatisho, ukifungue na hicho kiambatisho.

Ikitokea katikati ya kazi laptopu ikaanza kutoa mlio wa tik-tik, au ikaganda kila ifikapo folda fulani, badilisha mpango papo hapo. Diski inakufa. Usiendeshe CHKDSK, amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, ambayo huisumbua zaidi na inaweza kutupa vipande vya faili ambavyo bado vingeokolewa. Nakili kwanza kile ambacho hakina nakala popote duniani: picha za familia, kisha barua, kisha nyaraka. Filamu na programu ziache za mwisho au zisahau.

Na ikigoma kabisa kuwaka, hapo ndipo ushauri wa mdogo wako unapofanya kazi. Diski ya inchi 2.5 ya laptopu inasomeka kwa adapta ndogo ya SATA (aina ya kiungio cha diski) kwenda USB, haihitaji umeme wa pembeni. Ya inchi 3.5 ya kompyuta ya mezani inahitaji adapta yenye umeme wake. Kama ni kijiti chembamba cha M.2, uliza kwanza kama ni ya aina ya NVMe au SATA, kwani kasha zake hutofautiana, na laptopu nyingine hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi, haitoki. Windows mpya ikisema huna ruhusa ya kufungua folda ya mtumiaji wa zamani, kubali ikupe ruhusa na usubiri. Ila kuna kizuizi kimoja kisichokubali kubembelezwa: laptopu nyingi zilizosajiliwa kwa akaunti ya Microsoft zimefungwa kwa usimbaji wa Windows (BitLocker) bila mwenyewe kujua, na ukiichomeka diski hiyo kwingine itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa hiyo leo, ikiwa bado inawaka, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa kivinjari, ufungue kifaa hicho, uangalie kama kuna ufunguo wa BitLocker, uuandike kwenye karatasi.

Kumkabidhi mdogo wako laptopu, ngoja kwanza. Mpe kompyuta mpya angalau mwezi mzima, ufanye nayo kila kazi unayoifanya kwa kawaida, ikiwemo ile ya mwisho wa mwezi. Kila utakapokwama ukatafuta kitu ukakikosa, ya zamani bado ipo. Ukiona siku nyingi zimepita hujaiwasha, basi iko tayari.

Kufuta faili na kumwaga pipa hakutoshi, kwa kuwa kinachofutwa ni orodha ya mahali faili zilipo, data yenyewe inabaki mpaka iandikwe juu. Nenda Settings, Update & Security, Recovery, uchague Reset this PC na Remove everything, kisha ndani ya mipangilio ya ziada uwashe kile kipengele cha kusafisha data. Kwenye diski inayozunguka kazi hiyo inakula saa kadhaa, iachie usiku. Ikiisha, ingia kwenye akaunti yako uiondoe laptopu hiyo kwenye orodha ya vifaa vyako.

Mwambie pia kwamba Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Aangalie kama laptopu ina TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa inayokubaliwa na Windows 11. Ikiwa navyo, aipandishe toleo bure. Ikiwa haina, Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, itaendesha kivinjari na kazi za ofisi juu ya mashine hiyo bila taabu, na itaendelea kupokea marekebisho ya usalama.